Mfuko wa Kanga kwenye Kiwele cha Sultana

Ndiyo, ulivyosema asubuhi ni kweli: mimi ndiye niliyeolewa na Bwana Amisi, wewe hukuolewa naye. Nilikuwa nimeshika mwiko, nikageukia sufuria. Kisha jirani yetu Bi Tabu akaja kuazima kinu, kisha wewe ukavaa viatu ukaenda zako Mtawanya kumuaga shangazi yako. Jibu limenijia sasa, wali umekwisha kuiva na nyumba imenyamaza, na kwa kuwa hurudi mpaka magharibi nimechukua karatasi za shule nimekaa barazani niliandike. Kulisema kwa mdomo siwezi. Ukinitazama kwa macho hayo ya marehemu baba yako nitaanza kucheka, na nikianza kucheka nitaongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Umesoma sawasawa. Upo uongo wa kwanza. Utaufikia, mwanangu Somoe, nipe nafasi nipumue kidogo.

Kesho lori linakuja kukuchukua wewe na kondoo wako tisa kwenda Mahurunga, mkaanzishe kundi la uzazi la kijiji kipya. Umepewa zizi, chumba kimoja, na cheo. Natembea na habari hiyo shuleni kama mtu aliyevaa saa mpya. Sitakuandikia humu uchemshe maji, wala usitembee peku zizini, wala ufunge dirisha kabla mbu hawajaingia. Hayo nimekuambia tangu una meno mawili, na hukuyasikia hata wakati huo.

Langu ni moja. Juma hili Bwana Amisi ameweka mara mbili ndani ya sanduku lako kopo la dawa ya minyoo na lile daftari lake la jalada la buluu, na mara mbili nimevikuta vimerudi kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa. Nyumba hii ina watu watatu na kopo linalotembea lenyewe, na sote tunakula sahani moja bila kulitaja.

Najua kwa nini unalirudisha. Unaamini dawa ya mtu huyu ndiyo iliyoua nusu ya kiwele cha kondoo wako Sultana. Ukienda Mahurunga na imani hiyo hutampa dawa kondoo hata mmoja, na huko ni bonde la mto, majani mabichi mwaka mzima, minyoo haipumziki. Kabla mwaka haujaisha utakuwa unafukia wanakondoo kila juma, na kosa litakuwa langu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikueleze nilivyokuwa mjinga, maana miezi ile mitatu ulikuwa Masasi kwa mama yako mkubwa na hukuyaona.

Baba yako alipotuacha alituachia kondoo watatu, hawa waliozaana mpaka leo wakafika tisa. Sultana alikuwa wako tangu siku alipozaliwa. Ulimpa jina kabla hajaweza kusimama. Mimi sikujua kondoo. Nilijua mashairi, jiografia ya Ulaya na kutarizi vitambaa vya meza, ndivyo darasa la kumi lilivyonitoa. Basi nikawachunga kwa namna niliyoipenda mimi: alfajiri, kabla ya kengele ya shule, kwenye bonde la nyuma, umande unang'aa kwenye majani. Nilidhani kondoo nao wanapenda kutazama jua likichomoza. Nimekuja kuelezwa kwamba pale walikuwa wakila minyoo midogo isiyoonekana, iliyopanda majani pamoja na umande na kukaa juu ikimsubiri mjinga mwenye kondoo apite. Nilipita kila siku, kwa wakati.

Mvua zilipokolea, yule mweusi mwenye doa la paji akaanza kuota kidevu. Kidevu kinene, laini, kinaning'inia. Nikafurahi sana. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba kondoo wangu amenenepa mpaka kidevuni kama karani mkuu. Nikawaleta darasa la tatu wamchore. Ile michoro bado ninayo, watoto walijitahidi.

Siku ile ndipo Bwana Amisi alipokuja mtaani kuandikisha mifugo. Alikuwa mgeni hapa Ufukoni, mtu wa Mahurunga kwenu huko uendako, wazee wake ni Wamakua waliovuka kutoka ng'ambo ya mto. Alimtazama mweusi, akanitazama mimi.

"Mwalimu, huyu unampa nini?"

"Majani tu," nikasema kwa majivuno. "Na mapenzi."

Akakibonyeza kile kidevu kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Haya ni maji, Mwalimu. Huyu hanenepi. Huyu anakufa."

Akamshika kichwa, akavuta ukope wa chini. Ndani palikuwa peupe kama karatasi hii. Akasema minyoo imejaa tumboni inamnyonya damu, na kwamba mwili wa kondoo unaweza kukudanganya lakini rangi ya ndani ya jicho haidanganyi. Alisema taratibu, hakunicheka, ingawa darasa la tatu lilikuwa bado limekaa chini na penseli.

Nami sijui shetani gani alinipanda. Nikavuta ukope wangu mwenyewe. "Na mimi je?"

Akatazama muda mrefu kuliko alivyomtazama kondoo. "Lako jekundu sana, Mwalimu. Hukulala, au moshi wa jikoni?"

"Moshi."

"Nitakuletea kuni kavu."

Akaleta, Somoe. Kwenye vitabu wanawake huletewa maua. Mimi nililetewa mzigo wa kuni za mkorosho zilizokauka mpaka zinalia, amezibeba begani kutoka stendi mpaka hapa, na nilizipanga jikoni nikashindwa kuziwasha siku nne kwa uzuri wake. Mweusi akanyweshwa dawa, kidevu kikapungua, akaanza kupigana na wenzake. Mimi nikaanza kuimba darasani. Watoto waliona.

Unanicheka? Cheka. Nina miaka thelathini na minane na barua zangu zote za mapenzi zimeandikwa nyuma ya fomu za taarifa ya vifo, kwa kuwa ndizo karatasi alizokuwa nazo safarini. Upande mmoja: Mbuzi waliokufa, Kondoo waliokufa, Sababu. Upande wa pili: "Mwalimu, leo nimepita Mikindani, maji yametulia, nikakukumbuka, ingawa wewe hujatulia." Nimezifunga kwa utepe. Nikifa, watu watadhani nilikuwa na machinjio.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimekunywa maji kwanza.

Sultana alizaa mapacha ukiwa bado Masasi. Kiwele chake kilijaa mpaka kikawa kinagusa majani. Bi Tabu akaja kuomba chumvi, akasimama uani mikono kiunoni.

"He, mwenzangu, hiki ni kiwele au kikapu? Huyu si kondoo, huyu ng'ombe mfupi."

Nikamsubiri aseme mashaallah. Hakusema. Akachukua chumvi akaondoka.

Nilikosa raha. Wewe unajua bibi yako alivyotulea: mtoto mzuri hafunuliwi, embe kubwa halioneshwi, maziwa mengi hufunikwa. Na mimi mwenye darasa la kumi, ninayewafundisha watoto kwamba radi haitokani na jogoo, nilichukua kanga yangu iliyochakaa nikaikata, nikamshonea Sultana mfuko wa kiwele ili jicho la Bi Tabu lisikione. Niliushona kwa ufundi, wallahi, na pindo la tarizi. Maneno ya kanga yakaangukia palepale: HASIDI upande wa kulia, HANA SABABU upande wa kushoto. Kamba zilipita mgongoni zikafungwa fundo juu ya kiuno. Alitembea uani kama bibi harusi aliyebanwa na gauni.

Nilipanga kumfungua asubuhi na jioni wanawe wanyonye. Siku mbili nilifanya hivyo. Siku ya tatu Bwana Amisi alikuja kuwanywesha kondoo wote dawa. Nilipomwona njiani nilikimbia kumvua Sultana ule mfuko, kwa aibu tu, nikautupa chini nyuma ya jiko. Akampa dawa kama wenzake. Alipoondoka nikauokota mfuko, umelowa mvua na mavi, nikamvika hivyohivyo, maana Bi Tabu alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

Kesho yake ikaja fomu ya vifo. Nyuma yake aliniuliza kama ningekubali wazee wake waje kuzungumza na kaka zangu.

Mwanangu, sijui niliisoma mara ngapi. Nilipiga pasi magauni matatu. Niliandika majibu manne nikayachana. Nilikaa barazani hapahapa nikitabasamu kwa kila anayepita, hata kwa wasionijua. Nilimsahau Sultana mchana kutwa na usiku wake, na wanawe walipokuwa wakilia uani nilidhani wanafurahi pamoja nami.

Nilipomfungua, upande wa kulia ulikuwa mgumu kama kifuu, wa moto, na ukiukamua yanatoka maji yenye damu. Nikautumbukiza mfuko chooni. Nilisikia ulivyotua.

Siku hiyohiyo ukarudi kutoka Masasi. Hukuweka mzigo chini. Ulimkuta Sultana ametanua miguu ya nyuma, hataki mtoto amsogelee.

"Mama, amefanywa nini?"

Nikasema, "Juzi alinyweshwa dawa."

Hilo tu. Na ni kweli kwamba juzi alinyweshwa dawa, hakuna mahakama ambayo ingenifunga. Lakini nilikuona unavyogeuza uso, nikaona hasira inakwenda kwa mtu mwingine, nikaiacha iende. Niliisindikiza, nikwambie kweli.

Jioni Bwana Amisi alipofika ulimsubiri mlangoni. Aliosha mikono, akapiga magoti, akapapasa kile kiwele. Kisha akapitisha vidole mgongoni, ambako manyoya yalikuwa yamelala mistari miwili kwa kamba. Akachomoa uzi mwekundu uliokwama karibu na kiuno. Uzi wa kanga. Akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia paa la Bi Tabu kwa makini sana.

"Ni dawa yako hiyo," ukamwambia.

Aliuviringa ule uzi kwenye vidole, akautia mfukoni.

"Huenda nilikosea kipimo, binti yangu. Lawama ni yangu."

"Mimi si binti yako."

"Basi, dada. Lawama ni yangu vilevile. Sasa nishikie miguu tumkamue uchafu huu, upande uliobaki tuuwahi."

Ukamshikia. Hilo nakusifu mpaka kesho. Alikuja asubuhi na jioni, siku tano, na maji ya moto na kitambaa safi, akamkamua mpaka vidole vikamvimba, na ule upande wa kushoto ukapona. Siku ya nne yule pacha mdogo alikufa kwa njaa. Ulimzika nyuma ya choo, peke yako, hukutaka mtu. Tangu hapo hujamwita mtu huyu kwa jina. Hata baada ya harusi, wiki saba sasa, ni "Bwana Mifugo, chumvi hiyo", "Bwana Mifugo, unaitwa nje", na yeye anaitika kwa adabu kana kwamba yuko ofisini.

Dawa haikumfanya Sultana kitu. Dawa ya minyoo inakwenda kwenye minyoo. Kiwele nilikiua mimi, kwa kanga chafu na mapenzi, na yule mwanakondoo pia ni wangu.

Nilimwuliza kwa nini alinibebea. Ilikuwa kabla ya posa kukubaliwa, tumesimama kwenye foleni ya bomba, ndoo yangu mkononi mwake. Akasema, "Mtoto akikosana na bwana mifugo, serikali italeta mwingine. Akikosana na mama ataletewa na nani?" Halafu akaongeza, na hili nalo nakuandikia ingawa linaniumiza: "Lakini umwambie mwenyewe, Mwalimu. Usichelewe." Siku ile ile nilipeleka habari kwa kaka zangu kwamba nimekubali, na mahari wasisumbue watu.

Nimechelewa. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Mara ya kwanza nilianza, "Somoe, kuna jambo," ukaniuliza, "Mama, unaumwa?" nikasema ndiyo. Ukanichemshia mwarobaini bakuli zima nikalinywa mpaka mwisho. Mara ya pili ilikuwa juma la harusi, umenisuka nywele vizuri mno, sikutaka uache katikati. Kisha raha ikanilevya. Siombi radhi kwa raha. Ninapenda anavyoingia na kuniita Mwalimu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ninapenda anavyoimba kwa Kimakua akiwa anakagua kwato, na kondoo wanasimama wima kama wanafunzi. Lakini raha yangu niliijenga mgongoni mwa uongo, na mgongo wenyewe ulikuwa wake.

Bi Tabu nilimnunia miezi kadhaa bila yeye kujua kosa lake. Nimekwenda kumwambia juzi. Alicheka mpaka akaketi. Akasema, "Kumbe ule mfuko ulikuwa wa kunizuia mimi? Nilidhani mwalimu umemvalisha kondoo sidiria, nikasema wasomi wana mambo." Kisha akasema mashaallah mara tatu kwa ajili ya kondoo wote, kufidia. Kwake ilikuwa rahisi. Kwako nimefutafuta maneno, angalia mwandiko.

Na baba yako. Sijamwondoa mahali pake. Kabla ya Idi ulikuta kaburi limepakwa chokaa, ukanishukuru. Nami nikapokea shukrani isiyo yangu, maana aliyelipaka ni Bwana Amisi. Hiyo inafanya uongo wa pili. Nilidhani nitaepuka.

Limebaki la Sultana. Ulimsikia mume wangu akisema kondoo mwenye nusu kiwele asizalishwe, auzwe, ukanijia jikoni: "Kwanza ameua titi, sasa anataka kumuua mwenyewe." Alisema vile kwa kuwa ndiyo kanuni ya kazi yake, na kanuni si mbaya: titi moja halilei mapacha, na mwanakondoo mwenye njaa hata minyoo michache inammaliza. Lakini dume hakusubiri kanuni, na Sultana sasa ana mimba kubwa. Leo, baada ya wewe kutoka, nimelifungua lile daftari la buluu ambalo hujalifungua. Nilidhani nitakuta "auzwe". Ukurasa wa kwanza ameandika hivi: "Sultana. Anyonyeshe upande wa kushoto tu. Ule wa kulia uangaliwe kila siku kama una joto. Akizaa wawili, mdogo apewe chupa tangu siku ya kwanza." Na ndani ya kopo, juu ya dawa, kuna chuchu mbili za mpira za chupa ya mtoto mchanga. Nilipomwuliza mbili za nini, alisema moja huwa inapotea.

Nimevirudisha vyote sandukuni mwako, kwa mara ya tatu, na barua hii juu yake. Ukivitoa tena nitajua umesoma na bado una hasira, na hasira hiyo ni haki yako. Ila ikasirikie mimi, kondoo uwape dawa.

Sitakuuliza kitu usiku huu tukila. Wala usijilazimishe kumwita baba. Hajaomba, na jina hilo lina mwenyewe. Ukimwita Amisi tu itamtosha, atatembea nalo mtaa mzima.

Sultana anahesabiwa kuzaa mwezi huuhuu. Malori ya korosho yameanza kwenda na kurudi upande wako, na dereva mmoja ni mzazi wa mwanafunzi wangu asiyejua kugawanya, hatanikatalia kiti. Nitakuja peke yangu. Nitakaa kwenye mkeka wako uniambie lote unalotaka kuniambia, kwa sauti yoyote, kwa kuwa barua haigombezwi ikasikia. Yeye ameuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia jibu hilo haliko kwangu. Ukitaka aje, agiza neno kwa dereva. Usipoagiza, nitakuja mwenyewe kumshika kichwa Sultana wakati wewe unatazama mtoto amekaaje. Na ukiagiza nisije, Somoe, nitakuja vilevile, kabla ya mwezi huu kwisha.

Mama yako